Kuipima Diwani Iliyotuzwa

Diwani ikishatuzwa hufika dukani sifa zake zimetangulia. Jaladani pana nembo ya tuzo, mgongoni pana maneno matamu ya profesa, na mnunuzi anatoa pesa kabla hajasoma ubeti mmoja. Ifungue kwanza, tena katikati, maana kurasa za mwanzo kila mshairi huzipamba. Soma kwa sauti, muuzaji akikutazama mwache atazame.

Sikio ndilo hakimu wa kwanza. Katika tarbia ya kawaida, shairi la mishororo minne kwa ubeti, mshororo una mizani (silabi) 16, 8 katika ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 katika utao, nusu ya pili, na mtu yeyote mwenye vidole anaweza kuzihesabu, mradi akumbuke kwamba “mtu” ni mizani 2. Kutimia kwake si sifa bado. Tazama zimetimizwa kwa maneno gani. Mshairi aliyechoka hujazia “hakika”, “kwa yakini”, “nawambia”. Ukiliondoa neno na maana isipungue hata chembe, hapo palijazwa. Vina navyo vina bei zake. Kina cha “-ni” hupatikana bure, kwa kuwa karibu kila mahali pa dunia hii hukubali kupachikwa “-ni”. Shairi la beti 12 lililoegemea kina hicho mwanzo hadi mwisho halijanionyesha kazi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni lahaja. Mshairi akiandika “mato” pale anapohitaji kina cha “-to”, kisha beti mbili mbele akaandika “macho” kwa sababu kina kimebadilika, huyo anaazima Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikai. Linganisha na *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, iliyotolewa na Oxford mwaka 1973. Kimvita chake ni cha mtu anayefikiri kwa lugha hiyo. Kitabu kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, na tangu hapo wasifiaji wengi husimulia jela: mashairi yalitungwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, baada ya waraka wake wa *Kenya Twendapi?* Kisa ni cha kweli na kinatisha. Lakini mhakiki anayeishia kwenye kisa amemhakiki mfungwa, shairi hajaligusa. Mpe shairi lenyewe msomaji asiyejua lolote kuhusu jela hiyo, kisha uone kama atasita mahali unaposita wewe.

Mapokezi mabaya nayo hayana budi kupimwa. *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, walikuwapo waliokataa kabisa kuiita ushairi, kwa sheria za jadi ambazo Amri Abedi alikuwa amezipanga kitabuni tangu 1954. Walimpima kwa kipimo ambacho hakukitumia. Hata hivyo shairi huria kama lake halina msamaha: mstari wake lazima ukatike mahali penye sababu. Iunganishe mistari iwe aya ya kawaida. Kama hakuna kilichopotea, basi ulikuwa ukisoma insha fupi iliyokatwakatwa, na diwani za namna hiyo siku hizi ni nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Mwaka 2015, tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Mohammed Ghassani, Mpemba mtangazaji wa Bonn, alishinda kwa ushairi wa *N’na Kwetu*. Tuzo hiyo hupokea hata miswada, kwa hiyo waamuzi wanaweza kuwa wameamua juu ya maandishi matupu, bila jalada wala jina la mchapishaji la kuwashawishi. Hilo kwangu lina uzito kuliko nembo yenyewe. Kwa diwani kama hiyo wahakiki hukimbilia ugeni na uhamiaji, mada zinazopendwa vyuoni. Wasome, ila hesabu wamenukuu beti ngapi, na zimetoka kurasa zipi. Anayenukuu kurasa za mwanzo peke yake huenda hakumaliza kitabu.