Mtoto Mwenye Usonji katika Mchezo wa "A Kind of Spark"

Tangu matabibu walipoanza kuueleza usonji, Leo Kanner mwaka 1943 na Hans Asperger mwaka 1944, mtu mwenye hali hiyo amesemewa zaidi kuliko alivyosema. Tabibu alimwandika, mzazi akamlilia, mwalimu akamlalamikia. Na sanaa ilipomchukua ikamfanya fumbo la kufumbuliwa na wengine. Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 ni mfano ujulikanao kuliko yote. Dustin Hoffman alituzwa Oscar kwa kumwigiza Raymond, na uigizaji wake haukosi ustadi. Walakini safari yote ya hadithi ile ni ya ndugu yake, Charlie. Charlie huanza akiwa mtu mchoyo na humaliza akiwa na moyo laini. Raymond hurudishwa alikotoka. Yeye ni jiwe ambalo kisu cha mwenziwe kimenolewa juu yake.

Kwa sababu hiyo mchezo wa A Kind of Spark, ulioonyeshwa mwaka 2023 na CBBC, idhaa ya watoto ya BBC ya Uingereza, na kufuatiwa na msimu wa pili mwaka 2024, haufai kupimwa kwa wema wa nia yake tu. Nia njema imejaa tele katika vipindi vya watoto. Swali lifaalo kuuliziwa mchezo huu ni moja: jicho litazamalo limewekwa wapi?

Kabla ya picha palikuwa na kitabu. Riwaya ya jina hilohilo ilitungwa na Elle McNicoll, mwandishi wa Uskoti ambaye mwenyewe ana usonji, ikachapishwa mwaka 2020. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Blue Peter na tuzo kuu ya Waterstones ya vitabu vya watoto. Msimulizi ni Addie, mtoto wa miaka kumi na mmoja akaaye katika kijiji cha Juniper, karibu na Edinburgh. Apenda papa, apenda kamusi yake ya visawe, na hawezi kustahimili kelele na vurugu za darasani. Siku moja asikia kwamba wanawake wa kijiji hichohicho waliuawa zamani kwa kudaiwa kuwa wachawi, naye ashikwa na azma ya kuwatafutia kumbukumbu. Wakubwa wa kijiji hawataki habari hiyo ifukuliwe. Hayo ndiyo mafupi ya hadithi.

Nguvu ya riwaya imo katika nafsi ya kwanza. Kitabu chafunguka kwa mwalimu amkemeaye Addie kwa mwandiko wake na kuichana kazi yake mbele ya wenzake. Msomaji aipokea aibu ile kutoka ndani, kabla hajapata nafasi ya kumtazama mtoto na kumwona wa ajabu. Aonekanaye wa ajabu ni mwalimu: mtu mzima aliyekasirishwa na umbo la herufi. Hapo pana jambo ambalo Damian Milton, mtaalamu wa elimu ya jamii mwenye usonji, alilieleza mwaka 2012, kwamba kutofahamiana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili, wala si upungufu wa mmoja peke yake. McNicoll alilisema jambo hilo kwa ukurasa mmoja wa hadithi, na mtoto wa darasa la tano aweza kulielewa.

Televisheni haina nafsi ya kwanza. Yaweza kutia sauti ya moyoni, yaweza kuzidisha kelele za darasa hata mtazamaji akaziba masikio. Hata hivyo kamera, iwe na huruma ya namna gani, humwonyesha Addie kwa nje, kama aonwavyo na jirani zake. Hatari hii si ndogo. Vipindi viwili vya mwaka 2017 vyaonyesha njia mbili za kukabiliana nayo. Katika Sesame Street ya Marekani aliingizwa Julia, kikaragosi mwenye usonji, na wenzake wakafundishwa namna ya kucheza naye. Lilikuwa tendo jema, lakini Julia aliingia kama mgeni ambaye wenyeji wanaelezwa desturi zake. Pablo, katuni iliyotungwa Ireland ya Kaskazini, ilifuata njia nyingine: mvulana mwenye usonji achora wanyama, nao wapata uhai na kusema mawazo yake. Huko mtazamaji ndiye mgeni, na mwenyeji ni mtoto.

Mchezo wa A Kind of Spark ulitafuta njia ya tatu, na sehemu ya kwanza ya njia hiyo ilikuwa kuchagua wachezaji. Addie aliigizwa na Lola Blue, na dada yake Keedie, mwenye usonji kama yeye, aliigizwa na Georgia de Gidlez. Ubongo wa waigizaji hawa wenyewe ni wa namna iliyo tofauti na ya wengi, kama ulivyo wa wahusika wao. Wako watakaosema kwamba kuigiza ni kuwa usiye, na kwamba mtu akiruhusiwa kuigiza hali yake tu, sanaa imekufa. Hoja hiyo ni nzuri darasani. Lakini kwa miongo mingi mlango ulifunguka upande mmoja: asiye na usonji alipewa nafasi ya mwenye nao na akasifiwa kwa kuiga kwake vyema, na mwenye nao hakupewa hata nafasi ya mwuza maziwa. Tena liko jambo la ufundi. Mwenye kuiga hukusanya dalili, macho yakwepayo na mikono ipungayo, akazipanga zionekane. Mwenye kuishi hali hiyo hana haja ya kuzionyesha, kwa hiyo huwa huru kuigiza mambo mengine: hasira, mzaha, ukaidi, wivu wa mtoto kwa dada zake. Mambo haya ndiyo yamfanyayo Addie kuwa mtu.

Sehemu ya pili ya njia hiyo ndiyo yenye ubishi. Katika riwaya, wanawake waliouawa hujulikana kwa yale tu ambayo Addie aweza kuyasoma na kuyakisia. Mchezo umewapa nyuso. Hadithi ya leo yapokezana na hadithi ya zamani, ambamo ndugu wawili, Maggie na Elinor, wawindwa kwa shutuma ya uchawi, na mtazamaji aongozwa kuwaona kuwa ni wa namna moja na Addie.

Yafaa hapa msomaji wa Kiswahili aweke kando tofauti aijuayo baina ya mchawi na mganga. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1563 haikuijali. Ilimhukumu afanyaye uchawi pamoja na amwendeaye kutaka msaada. Hadi ilipofutwa mwaka 1736 walikuwa wameshtakiwa watu wapatao 3,800, zaidi ya wanane katika kila kumi wakiwa wanawake. Wengi waliungama baada ya kunyimwa usingizi siku nyingi. Waliohukumiwa kufa kwa kawaida walinyongwa, kisha miili ikachomwa. Na kumbukumbu za mahakama zaonyesha kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa ugomvi wa majirani: deni, ng'ombe aliyekufa, laana iliyotamkwa kwa hasira. Yumkini wamo walioshutumiwa kwa kuwa walisema au walitazama tofauti na wengine. Walakini waliokufa wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa, na hilo ndilo la kutisha.

Kwa hiyo mchezo unapowapa Maggie na Elinor hali ya Addie, umepata kitu na kupoteza kitu. Umepata kioo: mtoto mwenye usonji atazamaye aona kwamba watu wa namna yake hawakuzaliwa jana pamoja na jina la usonji. Faida hiyo si haba. Lakini umejibu swali ambalo riwaya iliacha wazi kwa makusudi. Addie wa kitabuni awapenda wanawake asioweza kuwajua; ukimya wao waacha nafasi ya huruma yake. Wakishapewa sauti, huruma haina tena kazi ya kufanya. Tena kamba na moto ni vitu vikubwa mno. Vikisimama kando ya darasa, mtazamaji aweza kujifariji kwamba ukatili ni mambo ya kale. Ukatili wa mwalimu achanaye karatasi hauna moto wala kamba, na huenda mtoto mwenyewe atazamaye ameuona wiki iliyopita. Pale mchezo ukaapo shuleni na nyumbani ndipo uwapo na ukweli mwingi zaidi.

Hata mhusika wake mwenye kina kirefu yumo nyumbani, naye si Addie. Ni Keedie. Addie hapigani na nafsi yake. Hupigana na kijiji. Keedie amejifunza kujificha, kuziiga nyuso za wengine na mazungumzo yao, kucheka wachekapo, mradi asijulikane. Riwaya yaonyesha gharama ya maisha hayo: amefika chuo kikuu, na kujificha huko kwamchosha. Pacha wake, Nina, ambaye hana usonji, yuko kando yake tangu tumboni, na bado humjua nusu. Kati ya dada hawa wawili ipo tamthilia nzima ambayo haihitaji mchawi hata mmoja. McNicoll mwenyewe, yaelekea, alilihisi deni hilo. Mwaka 2024 alitoa riwaya nyingine irudiyo nyuma miaka kadhaa, kabla ya mambo ya Addie, na jina aliloipa ni Keedie.