Taaluma Nyingi, Nchi Moja: Tahakiki ya Description de l'Égypte

Imekuwa ada katika vyuo vyetu kuusifu utafiti unaokusanya taaluma nyingi juu ya nchi moja. Husemwa kwamba mtaalamu wa mimea, wa miamba, wa historia na wa uchumi wakiketi pamoja, nchi ile itajulikana barabara. Katika makala haya tunakusudia kuipima kauli hiyo kwa kuihakiki kazi mashuhuri ya namna hii juu ya nchi ya Kiarabu, yaani Description de l'Égypte, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1809 na kukamilika mwishoni mwa miaka ya 1820. Hoja yetu ni kwamba wingi wa taaluma hauleti ujuzi wa nchi iwapo lugha ya wenyeji imefanywa mtumishi badala ya kuwa msingi.

Chanzo cha kazi hii chafahamika. Bonaparte alipoivamia Misri mwaka 1798, alifuatana na wataalamu wapatao 160. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ikaundwa Taasisi ya Misri mjini Kairo, yenye idara nne: hisabati, fizikia, uchumi wa siasa, na fasihi na sanaa. Matunda ya juhudi hizo yaligawanywa katika sehemu tatu, nazo ni mambo ya kale, hali ya Misri ya wakati ule, na elimu ya maumbile.

Insafu yatulazimu tukiri ubora wake. Savigny aliwachunguza wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo kwa makini ya ajabu. Villoteau aliandika kwa urefu juu ya muziki na ala zake. Wachoraji nao walituhifadhia sura ya majengo ambayo leo hayapo, mathalan hekalu la Amenhotep wa Tatu katika kisiwa cha Elephantine, lililobomolewa katika karne ya 19. Hata palipokosewa, aghalabu kosa lilisahihishika. Le Père alipima akadai kuwa maji ya Bahari ya Shamu yako juu ya yale ya Mediterania kwa kadiri ya mita 10. Vipimo vya mwaka 1847 vikaonyesha kwamba tofauti kubwa kama hiyo haipo.

Lakini je, kosa juu ya watu husahihishwa kwa kipimo gani? Hapa ndipo mizani inapoelemea upande wa pili. Chabrol aliandika insha ndefu juu ya mila za Wamisri, na Jomard akaueleza mji wa Kairo. Walakini miongoni mwa waandishi wa juzuu zile hatumkuti mwanazuoni hata mmoja wa Al-Azhar. Mmisri yumo kama jambo la kuelezwa, hayumo kama msomi wa kujibu.

Na jibu lilikuwapo. Abd al-Rahman al-Jabarti, mwanahistoria wa Kairo ambaye ukoo wake ulitoka Jabart katika Pembe ya Afrika, alianza kuandika habari za Wafaransa mwaka ule ule wa uvamizi. Alilichukua tangazo la Kiarabu la Bonaparte akalihakiki kifungu kwa kifungu, kama mwalimu asahihishavyo insha. Tangazo lilidai kwamba Wafaransa nao ni Waislamu, likaandika muslimin, umbo la nasb, mahali ambapo sarufi hudai muslimun. Al-Jabarti akalisahihisha, kisha akaongeza kejeli: neno nasb lina maana ya ulaghai pia, basi na Uislamu wao ni nasb. Kwa irabu moja aliufichua uongo wa dola nzima. Hii ni tahakiki ya lugha iliyo tahakiki ya siasa pia, na hakuna idara miongoni mwa zile nne iliyokuwa na chombo cha kuipokea.

Tusimfanye al-Jabarti kuwa mtu wa chuki tupu. Aliizuru Taasisi, akaisifu maktaba yake na bidii ya wasomi wake, hata ile ya kujifunza Kiarabu. Kasoro basi si kwamba Wafaransa hawakujali lugha. Kasoro ni kwamba walijifunza ili wasikiwe, wala si ili wasahihishwe.

Mfano wa Champollion wautia nguvu ushahidi huu. Wachoraji wa msafara waliyanakili maandishi ya mahekalu bila kuyaelewa, na Jiwe la Rosetta lilipatikana mikononi mwao mwaka 1799. Aliyeufungua mwandiko huo mwaka 1822 hakuwamo msafarani. Alikuwa kijana aliyejifunza Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale na kuhifadhiwa katika ibada za Wakristo wa Misri. Ufunguo ulikuwa kwa wenyeji muda wote.

Edward Said, katika Orientalism (1978), aliiona kazi hii kuwa chombo cha utawala, akiegemea sana dibaji ya Fourier. Hukumu hiyo ina uzito, ila dibaji si kitabu kizima: wadudu wa Savigny hawakumtumikia mfalme yeyote. Kwa maoni yetu, swali lililo kali zaidi ni hili: kazi iliandikwa ili isomwe na nani? Zuhayr al-Shayib alipoanza kuitafsiri kwa Kiarabu katika miaka ya 1970, takriban miaka 150 ilikuwa imepita tangu juzuu za mwisho zichapishwe.

Kwa hiyo, anayepanga utafiti wa taaluma nyingi juu ya nchi yoyote hana budi kumweka mwanaisimu mwanzoni, wala si kumwita kama mkalimani mazungumzo yakwamapo. Hana budi pia kuirudisha kazi katika lugha ya wale iliowahusu, wangali hai kuisahihisha.