Taifa kiunoni: kuisoma kanga ya Obama

Wajuzi wa sanaa wakitaja "pop art", safari ni moja tu: New York, kwa Warhol na Marilyn wake wa 1962, au kwa Jasper Johns na bendera yake ya Marekani. Sawa. Lakini mie nasema kazi ya kuchapa alama kubwa kwa bei ndogo tunaijua kitambo. Sisi tunaiita kanga.

Chukueni ile ya Obama, iliyotoka baada ya ushindi wake wa 2008. Sura yake imo ndani ya mji, na maneno "Hongera Barack Obama". Marais wa Marekani wanawekwa kwenye noti. Huyu kafanyiwa pindo. Sasa someni jina lake: "Upendo na amani ametujalia Mungu". Halimtaji yeye wala Marekani. Uzito wote uko kwenye silabi moja, -tu-. Sisi nani? Aliyejifunga ndiye anayejibu, na jibu la bibi harusi silo la mjane. Hapo ndipo alama ya watu wengine ikageuka yetu.

Linganisha na kanga za chama. Jembe na nyundo vimenakiliwa vilevile vilivyo, na jina limekuwa kaulimbiu. Kaulimbiu haina fumbo. Huwezi kumtupia jirani akabaki anajiuliza. Na hapa Malindi si jambo dogo hilo: msimu wa uchaguzi rangi ya nguo tu inaweza kukata salamu. Kanga ya aina hiyo haimwachii mvaaji nafasi ya kusema lake. Inamvaa yeye.

Picha ya Warhol hutundikwa ukutani, haifuliwi. Kanga itabebea mtoto, itapauka kwenye kamba, mwisho itapiga deki, na sura ya mkubwa imo humohumo. Mie sioni dharau. Naona taifa limeingia ndani ya nyumba.

Basi wachoraji wa kanga wathubutu zaidi. Ngao ya taifa ina mwanamme na mwanamke, karafuu na pamba. Yule mwanamke kasimama miaka yote juu ya maneno aliyoandikiwa, "Uhuru na Umoja", na pamba iko miguuni pake. Jina la kanga yake, nani kamuuliza?