Fidla Juu ya Upepo: Ufundi wa Chaconne ya Vitali

Tarehe 27 Oktoba 1917, Jascha Heifetz, kijana mpiga fidla wa miaka 16, alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, kwa mara ya kwanza. Alifungua kwa Chaconne inayohusishwa na Tomaso Antonio Vitali. Mpiga piano wake, André Benoist, alisubiri zamu yake. Aliyemsindikiza kwanza alikuwa Frank L. Sealy kwenye kinanda cha mabomba. Uamuzi ule ulikuwa wa busara kubwa, na sababu zake zimo ndani ya muziki wenyewe.

Chaconne hii imejengwa juu ya noti nne za besi zinazoshuka: G, F, E flati, D. Besi hujirudia huku fidla ikibadilisha mavazi juu yake. Kwenye piano, noti huanza kufifia mara nyundo inapogonga waya. Kwenye kinanda, pedali ikikanyagwa upepo huendelea kuingia bombani, na sauti hukaa vilevile mpaka mguu unyanyuke. Tena safu ya mabomba ya futi 16 hushusha kila noti oktava moja. Noti ya chini kabisa ya fidla ni G ya hezi 196. Huko chini kinanda hakigombani na mtu.

Ugomvi uko juu. Sauti isiyofifia humeza mwanzo wa noti ya fidla, pale upinde unapoushika waya, na bila mwanzo huo msikilizaji hapati matamshi. Kwa hiyo mpiga kinanda hodari hunyanyua vidole mapema kidogo kuliko nota zinavyosema, ili upinde upate mwanya. Huchagua filimbi laini za futi 8, akaziacha safu kali za juu mpaka fidla inyamaze. Safu ya celeste, ambayo mabomba yake yamepishanishwa kimakusudi ili sauti iyumbe, mimi ningeifunga kabisa: ikikutana na vibrato ya fidla, sikio halijui tena noti yenyewe iko wapi.

Kulinganisha sauti ni kazi ya fidla peke yake, kwani mabomba hayarekebishwi dakika tano kabla ya onyesho. Joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, filimbi hupanda karibu senti 3, yaani asilimia 3 ya nusu toni. Ukumbi ukijaa watu, A ya mazoezi ya mchana si A ya usiku. Tena wapiga fidla wengi hupenda kuiinua F shapu inayoelekea G. Juu ya piano hilo hupita, lakini kordi ya kinanda iliyoshikiliwa huianika tofauti hiyo mpaka mwisho wa upinde.

Halafu kuna umbali. Sauti husafiri takriban mita 34 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika mwendo wa haraka hiyo inatosha kuwatenganisha wawili. Mpiga fidla aliye mbali na mabomba hawezi kuyangoja, hutangulia, akaamini.

Mwaka 1950 Heifetz aliirekodi Chaconne hiyo pamoja na mpiga kinanda Richard Ellsasser, kwa mpangilio wa Ottorino Respighi. Maikrofoni huweza kuiweka fidla karibu na sikio. Ukumbini kazi hiyo ni ya mpiga kinanda, kwa safu anazoziacha zimefungwa.