Mtoto Hapotei Safarini, Hupotea Kwenye Makabidhiano

Jumanne, saa tano asubuhi, ndani ya Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, mwalimu wa Darasa la Tatu alihesabu watoto wake mara ya pili na bado akapata 47. Walipotoka shuleni walikuwa 48. Hakupiga kelele. Aliwaketisha wote chini ya mti, akamwacha mwenzake awaangalie, akarudi kwenye nyumba walizopita, moja baada ya nyingine. Baada ya dakika sita akampata, kakaa kitako ndani ya nyumba ya msonge katikati ya watoto wa shule nyingine, anamsikiliza mwalimu wao kwa makini. Mtoto hata hakujua kwamba anatafutwa. Yeye shati jeupe na kaptura ya bluu, na waliomzunguka wote mashati meupe na kaptura za bluu.

Shule yenyewe ni ya serikali, ya kutwa, wilayani Kinondoni. Mwalimu mkuu alinikaribisha nikae nao wiki nzima ya mwezi Julai, akijua kwamba nilishika chaki kabla ya kushika kalamu ya gazeti. Ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini kwake ilikuwa imejaa. Jumatatu ni usafi wa mazingira na mdahalo wa Darasa la Sita, Jumanne ziara fupi ya Darasa la Tatu, Jumatano michezo na shule jirani, Alhamisi Darasa la Tano kwenda Bagamoyo, Ijumaa wazazi kuja kuona kazi za watoto. Mpita njia angesema hiyo ni wiki ya kutembea na kucheza. Mimi niliiona kama wiki ya makabidhiano, na yaliyofaulu na yaliyokwama yote yalianzia hapo.

Siku ya kawaida mtoto hukabidhiwa mara mbili: asubuhi mzazi anamwachia shule, jioni shule inamrudisha. Alhamisi ile nilihesabu mara 9. Mzazi kwa mwalimu, kupanda kosta, kushuka Kaole, kupanda tena, kushuka mjini Bagamoyo, kwenda kula, kupanda, kushuka shuleni, na mwalimu kwa mzazi. Barabarani, kila mtu akiwa kwenye kiti chake, hakuna aliyewahi kupotea. Hatari iko mlangoni, pale anayetoa anapodhani mwenzake amepokea, na anayepokea anadhani bado hajapewa.

Tuanze na mpangilio wa siku, maana haukutokana na bahati. Julai masika imeshapita na njia ni kavu, na mtihani wa Darasa la Saba wa Septemba bado uko mbali kidogo. Hata hivyo Darasa la Nne na la Saba, yenye mitihani ya taifa, hayakuguswa. Ziara fupi ilitangulia ile ndefu ili iwe jaribio, na kati yake ikaachwa siku moja ya kurekebisha makosa. Bagamoyo haikuwekwa Ijumaa kwa sababu mbili: siku hiyo kuna swala, na kosta ikiharibika njiani uchovu wa Ijumaa huingia mpaka Jumatatu. Kikao cha wazazi nacho kilipangwa kiishe kabla ya saa sita mchana. Ni mambo madogo, lakini ratiba nyingi nilizowahi kuziona zilivunjwa na mambo madogo ya namna hii.

Siku ile ya kurekebisha makosa ililipa. Jumanne jioni walimu walikutana, na mmoja akataka kujua kosa ni la nani. Mwalimu mkuu akaligeuza swali: "Ilikuwaje tusimwone?" Jibu likawa sare. Sare za shule zetu nyingi za serikali zinafanana, na kwenye eneo la ziara zikikutana shule tatu, macho ya mwalimu hayana pa kushika. Kesho yake mwalimu mmoja alirudi kutoka kwa fundi cherehani na mfuko wa vipande vya vitenge. Vikachaguliwa vya rangi tatu, rangi moja kwa kila kosta, vikakatwa tepe za kufunga mkono wa kushoto. Hazikuandikwa jina, kwa kuwa jina likionekana mtu baki anaweza kumwita mtoto kama anayemfahamu. Gharama yake ilikuwa ni kumshukuru fundi tu.

Sasa hesabu ya Alhamisi. Watoto walikuwa 72, wakagawanywa makundi 9 ya watoto 8. Wanane mwalimu huwaona wote kwa mtupo mmoja wa jicho, wakipangwa safu mbili za wanne. Tena wanagawanyika wawili wawili bila mabaki, na kila mtoto akawa na pacha wake wa safari. Kila kosta ilibeba makundi matatu, yaani watoto 24 na watu wazima watatu, kila mmoja na kiti chake. Hakuna aliyepakatwa, hakuna aliyesimama. Wanaotapika wakiwa safarini walikaa mbele, karibu na dirisha, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kila kosta ilipewa ndoo yenye kifuniko.

Mtu mzima wa 10 hakuwa na kundi. Alikuwa mkuu wa msafara, na kazi yake ilikuwa daftari, simu na filimbi. Alipanda kosta ya mwisho, na kila kituo aliondoka wa mwisho. Shule nyingi zingemwona kama mtu wa ziada na kumpa watoto awachunge. Hapa waliacha mikono yake iwe mitupu ili apokee taarifa za wengine, na wazazi walitumiwa ujumbe na yeye peke yake kwenye kundi la WhatsApp: tumetoka, tumefika, tumegeuza. Simu za wazazi wenye wasiwasi zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia.

Namna ya kuhesabu ndiyo iliyonivutia zaidi. Mwalimu hakugusa vichwa akipita katikati ya watoto wanaosogea. Kila mtoto alikuwa na namba, moja hadi nane, na walijihesabu wenyewe kwa sauti. Namba isiyosikika inaonyesha palepale nani hayupo. Kisha kiongozi wa kundi anamwambia mkuu wa msafara, "Kundi la nne, wanane." Kusema "wote wapo" kulipigwa marufuku. Maneno hayo mtu huweza kuyatamka bila kuhesabu. Namba lazima uwe umeihesabu kwanza.

Kaole iko kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Kuna magofu ya misikiti miwili, makaburi yenye nguzo, na chumba kidogo cha makumbusho. Mahali penyewe pakagawanywa vituo vitatu, kosta moja kila kituo, dakika 20, filimbi, mnazunguka. Kila mtoto alikuwa na karatasi yenye maswali matatu: kuta zimejengwa kwa nini, nguzo ipi ni ndefu kuliko zote, na kitu gani hapa kilitoka mbali. Hakukuwa na hotuba. Watoto walichungulia kwenye ukuta, wakaona umbo la matumbawe ndani ya chokaa, wakaandika wenyewe. Msichana mmoja alinyoosha kidole kwenye nguzo ya kaburi na kuuliza nani aliitoboa. Mwalimu akamweleza kwamba katika pwani yetu nguzo za aina hii zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Akaikimbilia karatasi yake: swali la tatu alikuwa ameshalijibu.

Mjini Bagamoyo mambo yalilegea. Watoto walioneshwa majengo ya zama za Wajerumani, waliouendesha utawala wao kutoka hapo kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, lakini wengi walikuwa wanawaza chakula. Na chakula kilichelewa dakika 40. Wali ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni mpango wa kuugawa. Kila mtoto alipanga foleni peke yake, makundi yakavunjika, na kwa mara ya kwanza siku ile mkuu wa msafara alirudia hesabu mara tatu. Makabidhiano manane yalikuwa na utaratibu wake, haya ya chakula yaliachwa yajiendee. Dawa yake ni nyepesi: viongozi wa makundi wachukue sahani nane nane, na watoto wakae walipo.

Kasoro ya pili ilikuwa ya watu. Walimu wanne waliosimamia michezo juani Jumatano ndio walewale waliokuwa kwenye kosta saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Alhamisi. Mmoja alisinzia njiani kurudi. Na Darasa la Saba, ambalo ratiba ilidai halikuguswa, lilibaki siku hiyo na kazi ubaoni bila mwalimu wa Hisabati, kwa sababu alikuwa Bagamoyo. Mipango si matumizi. Darasa likiandikwa kwamba halikuguswa, mwalimu wake naye asiguswe.

Fedha nazo zina neno lake, ingawa fupi. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini safari haijilipi. Kamati ya shule ilikubaliana na wazazi wachangie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na walioshindwa walichangiwa kimyakimya. Majina yao hayakusomwa paredi. Hilo nalo naliweka kwenye ufundi.

Saa kumi na moja jioni kosta zilirudi. Kila anayemchukua mtoto alitia saini. Akatokea bibi mmoja, jina lake halipo kwenye orodha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata mjukuu wangu."

Mwalimu akamwomba aketi kidogo, akampigia mama wa mtoto. Bibi alinung'unika kwamba mjukuu ni wake na hahitaji kibali cha mtu. Mama akapatikana, akathibitisha, bibi akatia dole gumba. Zilikwenda dakika tatu. Alipokuwa akitoka aligeuka akasema, "Mungu awabariki, mnawatunza."

Hukumu yangu ni kwamba wiki hii ilifaulu, na haikufaulu kwa fedha wala kwa wingi wa walimu. Mwalimu mkuu unayepanga ya kwako, kabla hujauliza bei ya kosta, chukua karatasi uandike watoto watatoka mkononi mwa nani kwenda mkononi mwa nani, na mara ngapi. Kila mstari uwe na jina la anayetoa, jina la anayepokea, na namba. Mstari usio na majina mawili ndipo mtoto atakapopotelea.