Filamu ya Kubandua

Katika filamu zote zilizoondoka sokoni, ninayoililia zaidi ni ile ya kubandua. Wengi wakisikia jina la Polaroid hukumbuka picha yenye ukingo mweupe inayotemwa na kamera na kujitokeza yenyewe. Hiyo ilikuja mwaka 1972. Kabla yake palikuwa na filamu iliyomtaka mpiga picha afanye kazi.

Ukishapiga, unavuta kikaratasi kidogo cheupe, halafu unavuta kile kikubwa. Ufundi wote umo katika mvuto huo wa pili. Negativu na karatasi ya picha hupita pamoja kati ya rola mbili. Kifuko cha dawa hupasuka na dawa ikatandazwa katikati yao. Ukisita njiani, mstari utabaki kwenye picha daima. Ukivuta upande, kona moja hukosa dawa. Rola zikiachwa na dawa iliyoganda, madoa yaleyale hujirudia picha baada ya picha, kwa hiyo fundi makini alizifuta kila alipobadili pakiti. Kisha husubiri, jicho kwenye saa. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, fedha ambayo haikupata mwanga hutoka kwenye negativu, ikahamia karatasi ya pili na kujenga picha. Penye baridi dawa hulegea, na kwa ajili hiyo Polaroid walitoa vibao viwili vya alumini: unavipasha joto mfukoni, karibu na mwili, ndipo unaibana picha ya rangi katikati yake. Halafu unashika kona, unabandua. Chumba kizima cha giza, na mabeseni yake, kilikuwa kimekunjwa ndani ya karatasi mbili.

Mwenye wazo hilo alikuwa Edwin Land. Mwaka 1943, wakiwa Santa Fe, Marekani, bintiye wa miaka mitatu alimuuliza kwa nini hawezi kuiona papo hapo picha aliyopigwa. Februari 1947 Land alibandua picha yake mwenyewe mbele ya wanasayansi jijini New York, na mwishoni mwa 1948 kamera ya kwanza ikauzwa Boston. Filamu ya rangi, pamoja na pakiti bapa zilizorahisisha upakiaji, zilifuata mwaka 1963. Ansel Adams, bingwa wa picha za milima ya Yosemite, alikuwa mshauri wa Land kwa miaka mingi. Katika studio kubwa, mpiga picha alibandua kwanza moja ya kujaribia taa, ndipo akaigusa filamu yake ya gharama.

Kuisifu hakunizuii kutaja doa lake. Mfumo wa Polaroid wa picha za vitambulisho ulitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za pasi walizolazimishwa Waafrika kubeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani dhidi ya biashara hiyo, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka nchini humo. Naona historia ya filamu hii haijasimuliwa kwa haki pasipo wawili hao.

Kamera za kidijitali ndizo zilizoiua. Polaroid ilifilisika mwaka 2001, na 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza filamu za papo kwa papo. Wapenzi wa ile inayojitokeza yenyewe waliokoa mitambo yake Enschede, Uholanzi, na hadi leo inauzwa. Ya kubandua haikupata bahati hiyo. Ilibaki mikononi mwa Fujifilm ya Japani, na mwaka 2016 nao wakatangaza kuiacha FP-100C, ya mwisho kutengenezwa kiwandani kwa wingi.

Pakiti zilizosalia zinazeeka. Dawa hukauka ndani ya vifuko hata zisipoguswa. Kama unayo moja kabatini, usiihifadhi kama pambo. Tafuta kamera yake, futa rola, umpige picha mtu unayempenda.