Kilomita 86,000, kwa Kauli ya Nani?

Tuseme Toyota IST yenye namba ya usajili ya herufi D imeegeshwa chini ya mwarobaini Kikuyu, Dodoma, si mbali na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na dalali ameshafungua boneti. "Bosi, injini haijaguswa hii." Gari ni la mwaka 2005 na dashibodi inasoma kilomita 86,000. Mnunuzi akigawanya kwa miaka 20 anapata kilomita 4,300 kwa mwaka, yaani chini ya 12 kwa siku. Katika mji ambao safari nyingi za wikendi zinaelekea Morogoro, Singida au Dar es Salaam, hesabu hiyo haiingii akilini. Haiwezekani? Inawezekana, ila mwenye kudai hivyo ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Herufi ya namba si ushahidi. D inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Kuitumia kama umri ni sawa na kumhesabia mtu miaka tangu alipohamia mtaani. IST ya umbo la kwanza iliingia sokoni Japani Mei 2002, na mwaka 2007 likaja umbo jipya. Hata iliyo changa kabisa katika kundi hilo imevuka miaka 15, na yenye namba D inaweza kuwa ilimaliza mwongo mzima barabara za kwao kabla ya kupanda meli. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari.

Kuagiza nyingine ya aina hiyo hakulipi sana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi 15. Tanzania haikufunga, imeongeza ushuru wa bidhaa kadiri umri unavyopanda. Ndiyo maana magari haya yanazunguka humu humu, mkononi kwa mtu hadi mkononi kwa mtu.

Kilomita za Japani zinaweza kufuatiliwa. Huko gari binafsi hukaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka 2, na tangu Januari 2004 usomaji wa kilomita huandikwa kwenye cheti cha ukaguzi. Karatasi ya mnada nayo huutaja, na pale wakaguzi walipotilia shaka huwekwa alama. Muuzaji aliyetunza karatasi hizo anaweza kuonyesha gari liliondoka na kilomita ngapi. Likishavuka bandari ya Dar es Salaam, uzi huo unakatika. Kinachobaki ni neno la mwenye gari, na chipu ndogo ndani ya dashibodi ambayo fundi mwenye kompyuta huisoma na kuiandika upya. Kushusha kilomita kunakwisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo mashahidi watafutwe kwingine. Mpira wa pedali ya breki uliolika upande mmoja haulingani na 86,000. Mpira mpya kabisa kwenye gari la miaka 20 unatia shaka zaidi. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha ufunguliwe mlango wa nyuma wa kushoto, ambao wanunuzi wengi huupita. Tangu Uber ianze Dar es Salaam mwaka 2016, IST imekuwa gari la kazi kwenye biashara hiyo, na abiria hupandia upande wa kando ya barabara. Mlango huo ukilegea bawaba, kitasa kikiwa kimechujuka kuliko cha dereva na kiti cha nyuma kimebonyea, gari limefanya teksi, liwe na kilomita zozote zile.

Hapa hoja inageuka, maana kilomita nyingi peke yake si kosa. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi walibaki na familia Dar es Salaam. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 900. Anayesafiri mara mbili kwa mwezi anatimiza zaidi ya 21,000 kwa mwaka kwa safari hizo tu. Lakini kilomita 100,000 za barabara kuu kwa mwendo wa wastani wa 60 ni saa 1,667 za injini. Zile zile kwenye foleni za Dar kwa wastani wa 20 ni saa 5,000, breki zikikanyagwa na gia zikibadilika muda wote. Gari lenye 210,000 za wazi, na risiti za oili za kuziunga mkono, ni ununuzi bora kuliko lenye 86,000 za kuapiwa.

Injini isikilizwe ikiwa ya baridi. Asubuhi ya kipupwe Dodoma inafaa sana, ila kwanza mkono uwekwe kwenye boneti: likiwa la moto, mwenyewe ameshaliwasha kuficha jambo. Injini za IST, ya 1.3 na ya 1.5, zinatumia cheni, si mkanda wa taimingi kama Noah ya zamani yenye injini ya 3S. Cheni iliyonyimwa oili safi hugonga sekunde za mwanzo. Moshi wa bluu maana yake linakula oili. Ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuashiria maji yanachanganyika na oili, na hapo ni afadhali kuondoka.

Rejeta ni habari ya Dodoma yenyewe. Maji ya visima vya huku yana chumvi, na wengi huyajaza badala ya kulanti. Ukoko hujengeka kwenye mirija, joto linapanda, gari linachemsha kwenye vilima vya Gairo. Kifuniko kifunguliwe kabla injini haijawashwa: ukoko mweupe au maji ya rangi ya kutu yanatosha kushusha bei. Chini ya gari, ukame wa Dodoma ni rafiki wa bati, hivyo kutu nyingi huko inaonyesha limekaa pwani au limetoka sehemu za theluji za Japani ambako barabara humwagwa chumvi.

Fedha isitoke kabla kadi halisi haijaonekana na namba ya chasisi haijalinganishwa na iliyo kwenye bodi. Faini za trafiki hukaguliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi. Deni likionekana, muuzaji alilipe kwanza au likatwe kwenye bei, ndipo waende TRA kubadilisha jina.